Ardhi ya Baba Inapanda

Shimo la kwanza lilitoboka nyuma ya zizi la shangazi Döndü, jirani yetu, mchana kweupe, watu wakimwagilia mahindi. Msiniulize lilitoa mlio gani. Ulikuwa mlio mdogo tu, kama mtu kafunga mlango wa gari kule mbali. Tukatoka mbio, tukakuta shamba limefungua mdomo. Duara safi kabisa, kama mtu kakata unga kwa kikombe. Ungeingiza mnara wa msikiti wa kijiji chetu, Akçasu, mle ndani, mwadhini angeadhinia chini ya ardhi.

Baba akasogea ukingoni, akaokota jiwe, akalitupa. Wote tunasikiliza.

"Limefika?" nikauliza.

"Bado linatafuta nyumba ya kupanga," akasema baba. "Na wewe Ogün, weka hiyo simu chini kabla haijaota mizizi mkononi."

Ndivyo alivyokuwa Rifat, baba yangu. Hata pembeni ya kaburi lazima aachie utani.

Sasa, huku uwanda wa Konya mashimo si kitu kigeni. Tunavuta maji ya chini mpaka yanatukimbia, tunaongeza bomba, tunayafuata. Huko chini mawe ya chokaa yanabaki na mapango matupu, na siku moja dari la pango linachoka. Lakini yale mengine yalitokea malishoni huko. Hili lilikuwa karibu na kitanda cha mtu. Wakubwa wa mkoa wakaamka, wakataka ramani: wapi ardhi inazama, nani ahame, nani abaki. Na hiyo kazi ikaangukia mezani kwa nani? Kwa dada yangu Sevgül!

Sevgül ni mhandisi kwenye ofisi moja ya ramani mjini. Kazi yake ni satelaiti. Ile satelaiti inapita juu yetu, inapiga wimbi la rada chini, wimbi linarudi. Ikipita tena siku nyingine, inapiga tena. Sevgül analinganisha wimbi la leo na la juzi, anajua ardhi imeshuka kiasi gani. Tena si kwa mita, ni kwa unene wa kidole! Mimi nikisikia hivi vitu nachanganyikiwa kwa furaha, jamani.

Baba yeye hakuamini. Dada alipokuja nyumbani wikiendi ile, tumekaa chini tunakunywa supu ya dengu, baba akaanza.

"Binti yangu, mimi nikisimama pale nje siwezi kuona kama nyasi imekua. Hicho chombo chako kiko mbinguni, kinaona ardhi yangu imeshuka kidole?"

Sevgül akacheka. Akanyoosha mkono ukutani. Kulikuwa na saa ya marehemu mama, saa ambayo mshale wake mfupi ulishakatika zamani. Umebaki ule mrefu tu, unazunguka peke yake. Baba alikataa kuitupa.

"Ile saa yako inakwambia nini?"

"Inaniambia mama yenu alikuwa anapenda vitu vya bei rahisi."

"Baba, bwana!"

"Haya. Inaniambia dakika. Saa yenyewe najua kwa jua."

"Basi wimbi langu ndiyo hivyo hivyo. Lina mshale mrefu tu. Ardhi ikishuka upana wa vidole viwili hivi, mshale unazunguka mzunguko mzima, unarudi palepale. Mimi naona mshale umeelekea wapi. Sioni umezunguka mara ngapi. Kwa hiyo natoa namba zote, safu kwa safu, naandika programu inazikunjua. Inauliza: mshale ulikuwa hapa, sasa uko pale, umepita njia gani?"

"Na inajuaje?"

"Inachagua njia fupi. Ukiuona mshale juu kabisa, halafu ukiuona kwenye robo, utasema umeenda mbele robo. Hutasema umerudi nyuma robo tatu."

Baba akaitazama ile saa, akapuliza supu yake.

"Na kama kweli umerudi nyuma robo tatu?"

"Ndiyo maana satelaiti inapita mara kwa mara. Hauwahi kufika mbali hivyo."

"Mwanangu," akasema baba, anatafuna mkate, "mimi na mama yako tulienda sokoni, nikageuka kidogo tu kununua tumbaku. Niligeuka tena yuko wilaya nyingine."

Tukacheka sana. Nakumbuka tulicheka sana.

Ramani ikatoka mwisho wa baridi, kondoo wakiwa wanazaa. Ikabandikwa ukutani kwenye nyumba ya chai, wanaume wote wa Akçasu wakajazana wakiwa na vibilauri vyao mkononi. Upande wa magharibi, kwa shangazi Döndü na wenzake, ilikuwa nyekundu: panazama, wahame. Sisi upande huu tulikuwa kijani: pametulia. Na uwanja wetu sasa, pale penye nyumba, zizi na kisima, palikuwa na kadoa ka buluu.

"Buluu ndiyo nini?" mtu akauliza.

Nikampigia dada hapohapo, nikaweka sauti kubwa.

"Buluu ni kupanda kidogo," akasema Sevgül. "Kiasi cha ukucha. Udongo ukilowa unavimba. Si kitu."

Baba hakusikia ile "si kitu". Alisikia kupanda.

"Mmesikia?" akawageukia wenzake. "Nyie wote mnashuka, Rifat anapanda! Tangu leo mkinisalimia muangalie juu!"

"Utapanda mpaka utuchungulie kwenye bomba la moshi," akasema mwenye nyumba ya chai.

"Nitawatemea mate humo."

Baba akaomba nakala ya ramani, akaibandika ndani kwetu chini ya ile saa. Kila mgeni aliyeingia alioneshwa: hii kachora binti yangu. Na wageni walikuja kweli, maana shangazi Döndü alipoambiwa ahame hakuwa na pa kwenda. Mwanawe yuko jeshini, nyumbani amebaki na mkwewe Hacer na kitoto kichanga. Wakubwa wa mkoa waliahidi nyumba za muda, hazijafika. Baba hakungoja. Alifunga trela kwenye trekta, akaenda kuwachukua na magodoro yao, na mbuzi, na jiko la kuni.

"Kaka Rifat, tutakubana," akasema shangazi Döndü, kasimama mlangoni anaona haya.

"Mgeni ni wa Mungu, Döndü. Na hapa ndipo penye usalama kuliko kote, imeandikwa. Ingia kabla sijapanda mbali zaidi ukashindwa kunifikia."

Wakaingia. Chumba cha mashariki, karibu na kisima.

Kuna kitu lazima niwaambie hapa, cha hiyo kazi ya ramani. Satelaiti inapopita, si kila picha inatoka safi. Katikati ya baridi ile, ramani haijatoka bado, theluji ilianguka usiku kucha, na asubuhi satelaiti ikapita juu ya uwanda mweupe. Picha ikaja chafu, imejaa chenga. Haldun, bosi wa Sevgül, akaiangalia kwa sekunde moja.

"Bi Sevgül, hii toa. Itatuharibia."

Na wote wenye kazi ile wangeitoa. Picha chafu inatolewa, unaunganisha ya kabla na ya baada, programu inaendelea kukunjua. Ndivyo walivyofundishwa, ndivyo wanavyofanya kila baridi. Sevgül akaitoa. Pakabaki pengo, satelaiti imepita mara moja bila kuhesabiwa, na programu ikaruka juu ya lile pengo kama mtu anayeruka mfereji.

Basi. Mimi nilikuwa namtumia dada video kila siku, za kondoo, za kitoto cha Hacer, za mbwa wetu akibwekea kivuli chake. Siku moja baba akaniita kisimani, uso unang'aa.

"Njoo, njoo na simu yako, leo ina kazi. Piga hapa."

Bomba la kisima chetu ni la chuma, nene, limeshuka mpaka huko chini kabisa. Juu pale baba alilijengea duara la zege, amelimwaga mwenyewe juu ya udongo. Sasa lile duara lilikuwa hewani! Chini yake ungepitisha kiganja. Bomba limesimama na kola yake ya zege, kama mtu kavaa shati kubwa.

"Unaona?" baba anacheka kwenye video, anapiga bomba kofi. "Sevgül! Hata bomba linaota! Si ulisema ardhi ya baba yako inapanda? Bomba limeamua kupanda nayo! Kesho nitalivuna."

Nikatuma. Nikaweka na alama za kucheka.

Dada hakujibu. Yeye hujibu haraka, hata kama ni kidole gumba tu. Nikaenda kuwapa kondoo majani, nikarudi, simu inaita, inaita. Ni yeye, na anapumua kama amepanda ngazi.

"Ogün, lile bomba. Lilianza lini?"

"Sijui. Tumeliona leo. Si linapanda na ardhi?"

"Bomba halipandi! Bomba limesimama kwenye mwamba huko chini. Ardhi ndiyo imeondoka, bomba limebaki. Sikiliza. Nimeirudisha ile picha ya theluji. Chafu, lakini kwetu pale inasomeka. Mshale ulienda mbele robo na ushee. Halafu robo na ushee tena. Unaelewa? Mimi niliiondoa ya katikati. Programu ikaona mshale umepita nusu, ikasema njia fupi ni kurudi nyuma. Ikasema imepanda."

Nilielewa. Nilikuwa nimesimama kwenye kile kidoa cha buluu.

"Lakini kwa shangazi Döndü ilionekana inazama," nikasema.

"Kwa Döndü inazama polepole, ndiyo maana ilionekana. Kwetu inazama haraka mno, ndiyo maana haikuonekana. Watoe, Ogün. Sasa hivi."

Baadaye aliniambia kwamba kabla ya kunipigia aliingia kwa Haldun na kompyuta yake imefunguliwa mkononi. Haldun aliangalia, akakunja uso.

"Bi Sevgül, ramani imeshasainiwa. Unataka niende kwa wakubwa niwaambie tumebadilisha kwa picha ya theluji, ile ambayo mimi na wewe tulisema ni takataka? Satelaiti inapita tena wiki hii. Subiri ije safi."

"Baba yangu anaishi hapo, bosi."

"Ndiyo maana nakwambia subiri. Unaangalia kwa macho ya binti, si ya mhandisi."

Akatoka bila kufunga mlango. Hakusubiri kitu.

Nikampa baba simu. Alikuwa zizini, amepiga magoti nyuma ya kondoo mmoja aliyekuwa na uchungu, mikono imelowa. Nikamshikia simu sikioni. Nilisikia sauti ya dada inatoka nyembamba, inakwenda mbio.

"Pole pole, mwanangu," akasema baba. "Juzi napanda, leo nashuka. Mimi ni lifti?"

Dada akasema kitu.

"Umekosea? Wewe?" Baba akaacha kumpapasa kondoo. "Na mimi nimewaambia Akçasu nzima. Nimemtoa Döndü kule kwake nikamleta hapa. Kwa ramani yako, Sevgül. Nimemweka mtoto mchanga kule ndani kwa ramani yako."

Hakuipaza sauti, na ningependa angeipaza. Upande wa pili dada alikuwa analia, na baba alimsikiliza akilia. Kisha akajifuta mkono kwenye suruali, akaishika simu mwenyewe.

"Haya, basi. Usilie. Saa yenyewe ya mama yako, tangu lini ikasema kweli? Wanaondoka. Ogün anawapakia. Mimi nakuja nyuma yao."

"Njoo nao, baba!" Hiyo niliisikia wazi.

"Kondoo mwenye uchungu hahamishwi. Hata babu yako hakuwahi. Akimaliza nakuja na wote wawili."

Akakata.

Nikafunga trela. Shangazi Döndü hakuuliza maswali. Mtu aliyeona shimo nyuma ya zizi lake haulizi. Alitupa magodoro na jiko lake kwenye trela, akampandisha Hacer na kitoto. Nilirudi zizini mara mbili kumwita baba, na mara zote mbili alinifukuza.

"Miguu ya mbele imeshatoka. Nenda! Wewe ukibaki nani ataendesha, mbuzi?"

Nikawasha trekta. Nimeegemeza simu mbele yangu, dada yupo kwenye video, ananiuliza mko wapi, mmetoka, mmetoka? Tunaanza kusogea, baba akatoka zizini mbio na ndoo. Ndoo ya maji. Kwetu mtu akisafiri, anayebaki anamwaga maji nyuma yake, ili aende kama maji na arudi kama maji. Mama alikuwa hakosi. Tangu afe, baba ndiye alikuwa anamwaga, hata nikienda dukani tu, kwa kunikejeli.

"Nendeni kama maji!" akapaza sauti. "Na wewe Döndü, ukirudi usije na lile jiko, limeniharibia dari!"

Akamwaga.

Niligeuka kuangalia, kama kila mtu anavyogeuka. Maji yalianguka kwenye udongo mgumu wa uwanja, na hayakutawanyika. Yalijikusanya. Yakafanya uzi mmoja, yakakimbia kuelekea ukuta wa nyumba, na pale mguuni pa ukuta yakaingia. Ndoo nzima. Hakukubaki hata tope.

"Baba!" nikapiga kelele. "Maji yameenda wapi?"

Baba akaangalia miguuni kwake. Alikuwa amekaa na mashimo maisha yake yote, alijua maji yakifanya vile maana yake nini. Niliuona uso wake, haukuwa na utani wowote. Angeweza kutukimbilia. Barabara ilikuwa ileile, wazi. Yeye akageuka akakimbilia lango la zizi, akalifungua kwa teke, akaanza kuwapigia kondoo mayowe. Wakatoka kama mto, wote kwa pamoja, na mbwa nyuma yao, wakaja wakatupita huku na huku kwenye trekta.

Kisha baba akaingia tena zizini. Kulikuwa na mmoja asiyeweza kukimbia.

Sikusikia kitu kikubwa. Ule ule mlio wa mlango wa gari. Paa la zizi likainama, kama mtu anayeokota kitu, likaenda. Ukuta wa nyumba ukafuata, chumba cha mashariki, chumba cha kati, ramani, saa. Bomba la kisima lilibaki limesimama peke yake kidogo katikati ya vumbi, refu, limevuka urefu wa mtu, halafu nalo likalala.

"Ogün?" dada ananiita kwenye simu. "Ogün, mmetoka? Baba yuko wapi? Geuza simu. Geuza simu nimwone."

Sikuigeuza.

Wazima moto walikuja na kamba na taa. Walishuka mpaka walipoweza, wakasema kuta zinamomonyoka. Siku zilizofuata maji yakapanda kutoka chini, ya kijani, yametulia, ukiyaangalia unaweza kudhani ni bwawa tu la siku zote. Tulimsalia baba bila mwili. Wanaume wa nyumba ya chai walisimama safu moja, na hakuna aliyeinua macho. Mwenye nyumba ya chai alinishika bega, akataka kusema kitu cha kuchekesha, ndivyo walivyokuwa wakizungumza na baba miaka yote. Akaishia kunipangusa vumbi begani.

Ile satelaiti ilipita kama kawaida. Picha ikaja safi sana, bila chenga hata moja, na kila mtu ofisini akaona. Sasa Akçasu nzima ilikuwa nyekundu, na amri ikatoka tuhame wote. Haldun mwenyewe aliisaini siku hiyohiyo. Akaja mezani kwa Sevgül, akasema pole. Sevgül akaitikia kwa kichwa.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake siku ile, nimempelekea chakula, maana alikuwa hali chochote. Kwenye kioo cha kompyuta niliiona Akçasu, na pale kwetu palikuwa na tundu. Satelaiti ilipiga wimbi na hakuna kilichorudi cha kusomeka. Katikati ya safu ya namba kuna mahali hakuna namba.

Haldun akaweka kidole kwenye kioo.

"Hili pengo jeupe, Bi Sevgül... Wakubwa wataliuliza. Programu si inaweza kulijaza? Iunganishe tu ukingo huu na ukingo ule."

Na inaweza. Ni mstari mmoja wa maandishi. Programu ingetembea kutoka ukingo huu, ingeruka, ingetua ukingo wa pili, na ramani ingeonyesha ardhi pale, imeinama kidogo tu, kama vile mtu bado anaweza kusimama.

"Hapana," akasema Sevgül.

"Ni kwa ajili ya muonekano tu."

"Hapana, bosi. Sirukishi tena."

Haldun akaondoa kidole. Ramani ikachapishwa na kidoa cheupe.

Ikabandikwa kwenye nyumba ya chai, na safari hii hakuna aliyejazana. Vibandani kwenye nyumba za muda, shangazi Döndü aliniomba nimpe nakala yake. Hajui kusoma ramani, hajawahi. Aliitandaza juu ya godoro, kitoto cha Hacer kikiivuta pembeni, akaniuliza, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha. Akaweka kiganja chake chote juu ya ule weupe, akafumba macho, akamsomea Fatiha mpaka mwisho. Kitoto kikatulia, kinamwangalia mdomo.